Mbio za Kuwa wa Mwisho

Jumatano, 6 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu hili. Si Mama. Si rafiki. Si hata kioo cha bafuni, ambacho huwa nakiambia mengi. Nampenda Katibu.

Basi, nimeliandika. Nimefunika ukurasa kwa kiganja kama nimeiba.

Katibu ni katibu wa Chama cha Jiografia cha shule yetu. Jina lake analo, ila siliandiki. Nikiliandika tu masikio yatashika moto, na Mama ataniuliza kama nina homa. Tuko darasa moja tangu tuanze sekondari. Neno pekee nililowahi kumwambia ni "samahani", siku niliyomkanyaga. Na nilikiambia kiatu chake.

Leo pigo! Anahama! Baba yake kapewa kituo kipya cha kazi, gari la mizigo linakuja Alhamisi ijayo. Ametangaza mwenyewe kwenye kikao cha chama, chini ya mengineyo, kati ya suala la chaki na suala la dira iliyopotea. Nikaangusha kiti. Nilikuwa nimekikalia.

Lakini! Kabla ya Alhamisi kuna Jumamosi, na Jumamosi chama kinakwenda safari ya siku moja. Asubuhi tunapanda ngazi za mwamba, zile zilizochongwa kwenye jiwe tangu enzi za kale, mpaka ukingo wa juu wenye mandhari. Kisha tunashukia upande wa pili, kwenye mji wa rangi, ambako kila nyumba imepakwa rangi yake kwa sababu mitaa haina majina na watu huelekezana kwa rangi tu. Tutautembea mji huo mchana kutwa, wawili wawili.

Wawili wawili! Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Mwalimu wa Jiografia ana utaratibu wake wa kupanga jozi. Safari iliyopita wenye mbio walipotelea mbele, wenye kujikokota wakapotelea nyuma, naye akabaki katikati akijipulizia filimbi. Tangu hapo ameamua: wa kwanza kufika juu atatembea na wa mwisho kufika. Wa pili na wa pili kutoka mwisho. Hivyo hivyo mpaka tuishe. Anasema hiyo ndiyo haki, na hakuna rufaa.

Sasa: Katibu hukimbia kila alfajiri. Hakuna wa kumshinda kwenye ngazi. Atakuwa wa kwanza. Kwa hiyo mimi natakiwa niwe wa mwisho tu.

Wa mwisho! Hatimaye kitu ninachokiweza! Kipaji changu kimepata kazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Sentensi imegoma. Maana nikishapangwa naye lazima niseme kitu. Nimeiandaa kwa lugha ya shule, nikaisema mbele ya kioo. Nikasikika kama mkaguzi aliyekuja kukagua vyoo. Nikaigeuza kwa lugha ya nyumbani. Nikasikika kama nimekuja kuposa na wazee wananisubiri sebuleni. Nimefundishwa lugha mbili tangu chekechea, na hakuna hata moja yenye sentensi ya mtu anayetaka tu kusema: nitakukumbuka, usiondoke bila kujua.

Nimeiacha. Itakuja yenyewe. Kazi ya leo ilikuwa mazoezi.

Jengo letu lina ngazi za kutosha. Nikaanza chini kabisa. Mguu mmoja. Pumzika. Tazama ukuta kana kwamba una mandhari. Mguu mwingine. Siri ya kuchelewa ni kuonekana kwamba unakwenda. Nilipopita kwa fundi saa, ghorofa ya kwanza, akafungua mlango akauliza kama tumepata habari mbaya. Nilipopita kwa muuguzi, ghorofa ya pili, akanishika kope akazivuta chini kuangalia kama nina damu. Kisha akapanda kwa Mama, mbele yangu, akamwambia kijana wako amepungukiwa. Nimenyweshwa dawa ya minyoo! Mdomo mzima una ladha ya msumari.

Hiyo hasara ndogo. La kushtua ni hili: Binamu aliniona.

Binamu ni mtoto wa Shangazi, wanakaa mlango unaofuata, naye ni mwanachama. Mrefu, msemaji, meno yote yamekaa mahali pake. Alinipita kwenye ngazi, akasimama, akanitazama, akatabasamu. Jioni amekuja kuomba chumvi akiwa anachechemea. Eti kateguka. Mama akampa pole mpaka nikaona wivu. Alikuja akichechemea mguu wa kushoto. Aliondoka akichechemea wa kulia!

Anataka kuwa wa mwisho! Naye anamtaka Katibu! Nimekaa kitandani mdomo wazi mpaka ulimi umekauka. Damu yangu mwenyewe!

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa juu ya balaa. Shangazi anakuja kwenye safari!

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba na ni fundi cherehani. Ndiye aliyeshona vizibao vya chama, vya kijani. Changu kakishona kipana eti nitakua. Mwalimu alipokwenda kuvichukua akajikuta, mwenyewe hajui vipi, amemkaribisha safarini. Watu wengi hujikuta hivyo mbele ya Shangazi. Ana sauti ya kumsimamisha mtu aliye upande wa pili wa barabara. Na huniita Kijiko, jina la utotoni, mbele ya mtu yeyote, pamoja na maelezo ya lilikotoka.

Kwanza nikafikiria aibu. Kisha nikafikiria msimamo wa mbio, nikashtuka zaidi. Shangazi ana magoti. Mwili wake ni wa heshima. Mtu kama yule kwenye ngazi za mwamba atafika wa ngapi? Wa mwisho! Atanipora nafasi yangu bila hata kufanya mazoezi! Mji wa rangi watautembea Katibu na Shangazi, na mimi nitapangwa na sijui nani.

Nimewaza mchana kutwa. Nikapata dawa. Nikabisha hodi kwake, shikamoo, marahaba, kaa, nikakaa juu ya pini. Nikamweleza kwamba nimesoma mahali (sikusoma popote) kuwa magoti hupanda vizuri kabla jua halijakolea. Na Mwalimu huanza na hotuba, kisha huita majina, kisha hotuba ya kufafanua hotuba. Yeye Shangazi ni mgeni, haitwi jina. Akishuka kwenye basi aanze tu taratibu, asimsubiri mtu.

Shangazi akaweka mkasi chini. Machozi yakamlengalenga. Akasema kuna watoto amewazaa kwa uchungu, anawalisha, anawashonea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyafikiria magoti yake. Alisema kwa sauti, ukuta ni mwembamba, na Binamu alikuwa chumbani. Kisha akanikumbatia, nikapotea humo kwa muda.

Akianza mapema atafika katikati. Katikati, ambako hamdhuru mtu! Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi kwa sababu mgongo haujakauka. Nitaeleza.

Mwamba kwanza. Mungu wangu! Nilidhani ni kilima chenye ngazi. Ni ukuta! Umesimama wima kama umegombana na dunia, na ngazi zimejipenyeza ubavuni mwake zikizunguka, upande huu jiwe, upande ule hewa tupu. Kuna mnyororo wa kushikilia. Mnyororo unacheza. Mwalimu akatuambia tuinue macho tuone uzuri. Nikainamisha yangu.

Mwanzo kila kitu kilikwenda nilivyopanga. Shangazi alishuka basini akaingia kwenye ngazi kabla Mwalimu hajafungua mdomo, kilemba chake cha rangi ya chungwa kikaishia kwenye kona ya kwanza. Hotuba. Majina. Hotuba. Filimbi! Katibu akafyatuka. Wengine wakamfuata. Pale chini tukabaki mimi na Binamu.

Akanikaribisha nitangulie. Nikamwambia hapana, wewe mgonjwa, tangulia. Akasema mgonjwa hawezi kumzuilia mzima njia. Nikasema mzima hawezi kumwacha mgonjwa nyuma, nyumbani nitawaambia nini? Tukasimama pale tukikaribishana kama wakwe wawili mlangoni, mpaka muuza maji wa pale akatuuliza kama tunasubiri kubebwa.

Tukapanda bega kwa bega. Nikasimama kufunga kamba za viatu. Naye akasimama kufunga zake. Viatu vyake havina kamba! Akasoma maandishi ya watu waliokwaruza jiwe. Nikayasoma kwa mara ya pili, kwa sauti. Nikatazama ndege. Akamtazama ndege yuleyule, akamkodolea mpaka ndege akaona haya akaruka. Akasema alikuwa anahesabu ngazi, hesabu imempotea, inabidi ashuke aanze upya. Nikamwambia nitashuka naye, ndugu hawaachani. Tukashuka! Mzee mmoja mwenye fimbo alitupita akipanda. Baadaye akatupita akishuka. Akatupa pole.

Halafu, kwenye kona ambako ukingo wa juu unaonekana, Binamu akainua macho kutazama juu. Akaganda. Sura ikambadilika. Akanigeukia akasema haya bwana, umeshinda, mguu umepona. Akapanda mbio! Mbio za kweli, anaruka ngazi mbili mbili, hachechemei mguu wowote.

Nimeshinda! Nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu. Nikajipa muda wa kuonja ushindi. Hata ile hewa tupu haikunitisha tena. Niliona mashamba, niliona barabara nyembamba kama uzi, na nilipofika kwenye ukingo, upande wa pili, chini kabisa, nikauona mji wa rangi umemwagika bondeni kama mtoto kapindua kasha la penseli. Nikaisema sentensi yangu kimoyomoyo. Kwa mara ya kwanza ilisikika kama maneno ya mtu.

Wenzangu wakanipigia makofi ya dhihaka. Sikujali. Mwalimu akapanda juu ya jiwe na filimbi yake. Akatangaza kwamba wa mwisho kufika ni mimi, na hakuna wa kubisha. Akatangaza kwamba wa kwanza kufika ni Shangazi.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaomba arudie. Akarudia!

Shangazi! Amekaa kwenye benchi la mandhari, anatafuna karanga, hana hata jasho la kujifuta. Alikwenda taratibu kama nilivyomshauri. Hakusimama hata mara moja, kwa sababu aliogopa akisimama magoti yatashtukia. Katibu alimfikia ngazi za mwisho kabisa. Angeweza kumpita. Lakini Katibu ni msichana mwenye adabu, hawezi kumpita mtu mzima kama anapita nguzo. Akamwamkia, akamshika mkono, akampisha akanyage juu kwanza.

Wa kwanza, Shangazi. Wa pili, Katibu. Wa pili kutoka mwisho... nikamgeukia Binamu. Alikuwa anatazama ndege.

Shangazi akanipungia mkono. Kijikooo! Njoo kwa shangazi yako, mwanangu! Mwamba mzima ukaitikia. Kijikooo! Nikainua mkono kukata rufaa. Mwalimu akaitupa kabla kiwiko hakijanyooka.

Sasa mji. Ningekuwa na moyo ningeufurahia. Ukishuka ngazi za upande wa pili unaingia moja kwa moja kwenye rangi, ghafla, kama umefungua mlango ukakuta watu wanapiga kelele. Nyumba ya samawati imeegemea nyekundu, nyekundu imeegemea kijani, juu yao kuna ya zambarau yenye milango ya rangi ya chungwa. Mafundi wa rangi wako juu ya ngazi zao kila kona. Nilimwona mbwa mwenye mkia wa buluu, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Shangazi alimuuliza mama mmoja kilipo choo. Akaambiwa panda mpaka zambarau, usiingie zambarau, kata kulia kwenye maji ya kunde, ukiona nyeupe umeshapotea. Shangazi alielewa! Alikuwa anapapasa kila ukuta kama kitambaa, akiwauliza wenye nyumba kama inachuja.

Nikatunga mpango wa pili. Kumpoteza Shangazi, kumtafuta Katibu, kumwondoa Binamu kwa namna itakayojitokeza.

Shangazi alipoinama kukagua kizingiti, nikachepuka. Kichochoro chembamba. Nikajibana ukutani, mgongo, mikono, kisogo, mguu mmoja nyuma tayari kwa kukimbia. Akapita na mwito wake. Kijiko! Kijiko wewe! Nikabana pumzi. Akapita! Nikataka kuondoka. Ukuta ukakataa kuniachia.

Rangi mbichi! Ya njano! Nilijibandua kwa mlio ambao sitausahau. Dirisha likafunguka. Mama mwenye nyumba akatoka na mwiko, akautazama ukuta wake, umbo langu limebaki pale na masikio yake yote mawili, akatoa ukelele uliowashusha mafundi watatu kwenye ngazi zao. Shangazi akarudi mbio. Nikashukuru, nikajua nimepata wa kunitetea. Akaukagua ukuta. Akanikagua mgongo. Akamwambia mwenye nyumba una haki kabisa dada yangu, mtoto huyu tangu mdogo anaegemea vitu. Ndani ya muda mfupi walikuwa marafiki. Wote wawili ni vifungua mimba na wote wawili hawathaminiwi. Shangazi akakaribishwa ndani kutazama mapazia, na mimi nikapewa brashi. Niliambiwa kopo liko pale pembeni, nizibe nilipoharibu, na nizibe vizuri.

Nikachovya, nikapaka. Macho yangu yalikuwa kwenye mdomo wa kichochoro, yakimtafuta Katibu. Mkono ukachovya, ukapaka, ukachovya, ukapaka. Nilikuwa makini sana kufuata umbo langu, kwa kupapasa. Nilipogeuka kuangalia kazi, nikaona waridi.

Waridi! Kopo la jirani! Ukuta wa njano, na katikati yake mtu mzima wa rangi ya waridi, mikono imetanuka, mguu mmoja nyuma, masikio wazi!

Na hapohapo akatokea Katibu. Na Binamu.

Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Katibu hakucheka. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akautazama ukuta. Akamwambia Binamu aende akatafute maji ya kuninawisha. Binamu akasema atakwenda baadaye. Katibu akamtazama. Binamu akaenda.

Tukabaki wawili. Ndoto yangu nzima, na mimi nadondosha njano kwenye visigino.

Akasema hata ukutani nakimbia. Kisha, akitazama chini, akauliza amenikosea nini. Akiingia maktaba mimi natoka. Akija upande huu wa ukumbi mimi nahamia ule. Wiki hii kakaa kiti cha karibu nami, nikaanguka chini na kiti. Akasema muda wote amejua kwamba namchukia, na Alhamisi anaondoka, na hataki kwenda kuanza shule ya watu na hilo moyoni. Akataka nimwambie tu kosa, hatakasirika.

Namchukia! Mimi! Dunia iliinama upande mmoja, nikashika ukuta. Tena! Sentensi ilikuwepo, naapa, ilikuwa imesimama nyuma ya meno kwa lugha zote mbili, imevaa na kuchana nywele. Nikafungua mdomo. Ikatoka "hapana".

Hapana, basi. Hilo neno la pili nililowahi kumwambia. Kwa mwendo huu nikizeeka nitakuwa nimekamilisha aya.

Akasubiri zaidi. Alisubiri kwa upole kabisa, ndiyo maana ilikuwa mbaya. Kisha akasema Jumatano alasiri atapita kwa watu kuaga, atapita na kwetu, na kama nina la kuongeza baada ya hapana nimwambie siku hiyo, tumekaa, hakuna ngazi, hakuna Mwalimu. Akauliza kama nitakuwepo. Nikatikisa kichwa cha ndiyo kwa nguvu mpaka nikamrushia rangi.

Mwenye nyumba akatoka. Sitaandika alichosema. Mumewe ndiye aliyeniokoa. Alisimama akautazama ukuta kwa muda mrefu, mikono nyuma. Akasema usifutwe. Kwamba kichochoro kile watu hukikosa kila siku, na sasa wataelekezwa kirahisi: ukimwona mtu wa waridi, kata kulia.

Nimekuwa alama ya barabarani! Nusu siku ugenini!

Jumapili, 10 Agosti

Mama ananisugua kwa mafuta ya taa. Rangi haitoki, ngozi inatoka. Ameapa kutoniruhusu kwenda safari yoyote, kisha akanikumbatia, kisha akashika njano naye, akaapa upya.

Shangazi amesimulia jengo zima. Fundi saa anajua. Muuguzi anajua, na amesema yeye alishasema. Katika masimulizi ya Shangazi mimi ni kijana mwenye huruma ya magoti, na mambo ya ukuta ni bahati mbaya. Sikumrekebisha.

Binamu amekuja kunicheka kitandani. Amekiri! Kwenye kona ile alipoinua macho aliona kilemba cha chungwa kwenye ukingo, na hakuna mwingine juu kule. Anakijua kilemba cha mama yake hata gizani. Akajua wa kwanza ni nani, akanizawadia ushindi. Nimeshtuka kwamba mtu wa familia yetu ana akili ya namna hiyo na anaitumia vibaya.

Nikamuuliza, kwa sauti ya kutojali, matembezi yake na Katibu yalikuwaje. Akanuna. Akasema yalikuwa hasara tupu, mchana kutwa kaulizwa habari za mtu mmoja tu: anapenda nini, ana shida gani, mbona hasemi. Hakutaja ni nani. Nimefikiri sana. Nadhani ni Mwalimu.

Jumatatu, 11 Agosti

Shuleni naitwa Waridi. Hata mpishi.

Nilikutana na Katibu kwenye ukumbi, uso kwa uso, hakuna mlango wa karibu. Nikakumbuka alichosema. Nikaamua kutokimbia. Nikasimama. Nadhani nilisimama kupita kiasi, maana mtoto wa kidato cha kwanza alinitundikia koti. Katibu akanisalimia. Nikamjibu "Jumatano". Akatabasamu akasema ndiyo, Jumatano.

Maneno matatu! Na la mwisho nililisema kwa uso wake, si kiatu!

Nimeapa kwa mkono juu ya atlasi: mipango basi. Hakuna hila tena maishani. Atakuja, nitafungua mlango, nitamwambia ukweli kwa sauti ya kawaida. Mtu yeyote anaweza. Shangazi hufanya hivyo siku nzima.

Jumatano, 13 Agosti

Alasiri. Niko chumbani. Shati limepigwa pasi, na njano imebaki kidogo tu shingoni. Mama ameenda sokoni. Shangazi yuko sebuleni kwetu anapima mapazia mapya, hana habari ya kitu.

Nimekaa kwenye kiti. Kiti kinaonyesha nasubiri. Nimehamia kitandani. Kitanda kinaonyesha sisubiri. Nimerudi kwenye kiti nikiwa nimeshika kitabu, nikagundua ni kitabu cha mapishi. Nimekaa kitandani naandika, kwa kuwa kuandika kunatuliza mikono.

Sentensi ninayo. Fupi. Ya lugha ya nyumbani, na neno moja la lugha ya shule katikati pale ambapo la nyumbani linanitia haya. Nimeisema mara kadhaa. Inasimama vizuri. Nitakapomwona tu nitaisema. Hakuna mpango. Mlango, uso, sentensi.

Hodi ya mlango wa nje! Si ya Mama, Mama ana ufunguo.

Sauti yake! Anamwamkia Shangazi! Anauliza kama nipo!

Shangazi anajibu jengo zima. Yupo, mama, Kijiko atakwenda wapi, pita tu, chumba kile pale! Ananipigia kelele niamke nipokee mgeni! Amesema niamke! Mbona anadhani nimelala?

Ngoja. Nimelala!

Hilo! Mtu aliyelala hawezi kuambiwa anakimbia. Yupo, kama alivyoahidi, mwili wake wote upo. Katibu ataingia, ataniona nimetulia, si yule wa kuanguka na viti. Atakaa pembeni. Atasema yaliyo moyoni mwake kwanza, akijua sisikii, na mimi nitasikia yote. Kisha nitaamka polepole mahali panapofaa, nikiwa najua tayari la kujibu. Mpango huu hauna tundu hata moja! Kwa nini sikuuwaza mapema?

Nyayo zinakuja. Ndala za Shangazi zimebaki nyuma, hizi ni nyepesi, za mtu anayekimbia alfajiri. Kurasa zitakwenda chini ya godoro. Kalamu nayo. Viatu sina muda wa kuvua, nitajifunika.

Anabisha. Nitakoroma kidogo tu, kwa adabu.